MREJESHO: Biskuti za ebrashi, zambarau imekubali
Habari zenu wapendwa, nimerudi na ile ishu yangu ya kupamba biskuti kwa ebrashi (kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa), rangi kuchuruzika juu ya aisingi (ule urembo wa sukari wa juu ya biskuti) na zambarau kutokea kahawia. Aliyesema niache aisingi ikauke usiku kucha, presha ya hewa nishushe mpaka psi 15 hivi (psi ni kipimo cha presha) afu nipulize kwa mbali safu nyembamba nyembamba, Mungu akubariki sana, michirizi imeisha kabisa. Zambarau nimechanganya bluu na pinki badala ya nyekundu, aisee imetoka safi kama ua la mjakaranda! Ila nozeli, kile kitundu cha ebrashi kinachotoa rangi, bado inaziba, ukavu huu wa Dodoma rangi inagandia kwenye ncha ya sindano ya ndani ya ebrashi, nasuuza kwa maji ya uvuguvugu kila nikibadili rangi lakini inasaidia kidogo tu. Oda ya sendofu ya Area C imeshachukuliwa, bibi harusi kafurahi mno. Asanteni sana jamani.