Fletcher alidhulumiwa Emirates 2009, na sisi mashabiki tukaendelea kumdhulumu

Wakuu, nimelala na hasira na nimeamka nayo, acha niitoe hapa.

Jumamosi kijiweni tulikuwa tunabishana kuhusu viungo wa Manchester United enzi za kocha Ferguson. Yakatajwa majina yote, Keane, Scholes, Carrick, hadi Anderson akapata wa kumtetea. Nilipomtaja Darren Fletcher, dogo mmoja wa juzi tu akadakia: "Yule alikuwa anabebwa na mzee kwa sababu wote Waskoti." Watu wakacheka. Watu wazima, walioziona zile mechi kwa macho yao, wakacheka! Niliondoka na chai sijaimaliza.

Sasa naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Tarehe 5 Mei 2009, siku ya Jumanne. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, mechi ya marudiano, Arsenal na United pale Emirates, uwanja wa Arsenal. Mimi nilikuwa banda umiza huku Tanga, masika imekolea, mvua inapiga bati mpaka mtangazaji hasikiki. Mechi inaanza saa nne kasoro robo usiku lakini mabenchi yamejaa tangu saa mbili. Kwetu Old Trafford tulishinda 1-0 kwa goli la O'Shea, kwa hiyo roho zilikuwa juujuu. Dakika ya 8 Park anafunga. Dakika ya 11 Ronaldo anapiga faulo kutoka mbali, wavuni. Dakika ya 61 tunaondoka na ile kaunta ambayo wengi wenu mnaijua, Ronaldo anamaliza, 3-0. Jumla 4-0. Arsenal walikuwa wanahitaji magoli matano ndani ya nusu saa. Mechi imekufa.

Na humo ndimo alimokuwa Fletcher, anakaba kana kwamba ubao unasoma 0-0. Huyo ndiye mkata umeme, kiungo wa kukata mashambulizi, ninayemzungumzia.

Dakika ya 75 Fabregas wa Arsenal anaingia kwenye boksi, amebaki na kipa. Mchezaji mwingine angemwachia afunge, iwe 3-1, watu waende Roma kwenye fainali. Fletcher akamkimbilia, akatupa mguu, akagusa mpira. Narudia kwa wanaojifanya hawakuona: aligusa mpira kwanza, Fabregas akaanguka baadaye. Marudio yalionyesha wazi. Mwamuzi Roberto Rosetti wa Italia akaamuru penalti na kutoa kadi nyekundu. Van Persie akafunga. Ngoma ikaisha 3-1 na sisi tumo fainali, lakini bandani kwetu hakuna aliyeruka. Hata watani zetu wa Arsenal waliokuwa wameegemea ukuta, mmoja wao alitikisa kichwa akasema hapana, hii hapana.

Nyekundu maana yake anaikosa fainali. United wakawaandikia UEFA, wakubwa wa soka la Ulaya, kuomba huruma. UEFA wakajibu kwamba kadi kama ile inapingwa pale tu mwamuzi anapomfananisha mchezaji na mwingine. Yaani kama Rosetti angempa kadi Carrick kwa kosa la Fletcher, ingefutwa. Lakini kumpa kadi mtu ambaye hakufanya kosa, hiyo inabaki. Hebu niambieni, sheria ya namna hiyo inamlinda nani? Inamlinda mchezaji au inamlinda mwenye filimbi?

Tarehe 27 Mei, Roma. Barcelona 2-0, Eto'o dakika ya 10, Messi kwa kichwa dakika ya 70. Katikati tulianza na Carrick, Anderson na Giggs. Anderson hakurudi kipindi cha pili. Xavi na Iniesta walitembea pale katikati kama wako sebuleni kwao, na Fletcher yuko nje na suti. Sisemi tungeshinda. Barcelona ile ilikuwa moto na kwa haki lazima niseme hata wao waliingia bila Abidal, aliyepewa nyekundu kwa Chelsea pale Stamford Bridge siku moja baada ya Fletcher, nayo ya kubishaniwa vilevile, na bila Dani Alves. Ninachosema ni kwamba kazi ya kumsumbua Xavi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alinyang'anywa.

Kinachozidi kunichoma ni kilichofuata. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa: beki akizuia goli la wazi kwa faulo ya penalti huku akijaribu kwa dhati kuucheza mpira, anapewa njano badala ya nyekundu. Tukio lile lile leo, hata kama mwamuzi angeona ni faulo, Fletcher anacheza fainali. Mwaka 2019 ikaja VAR, waamuzi wa marudio ya video, kwenye Ligi ya Mabingwa, ambayo ingefuta hata penalti yenyewe. Na mkuu wa waamuzi wa UEFA tangu 2018 ni nani? Rosetti huyohuyo. Wakubwa wa mpira walijua kuna tatizo, wakalirekebisha, kila kitu kikaenda mbele. Ila Fletcher na Roma yake hakuna aliyemrudishia.

Mtaniambia Keane na Scholes nao waliikosa fainali ya 1999. Kweli, kwa kadi za njano walizopewa Turin kwenye nusu fainali na Juventus. Lakini angalieni tofauti. Habari ya Keane na Turin kila shabiki wa United anaisimulia kwa heshima, mpaka waliozaliwa baada ya 1999 wanaijua. Ya Fletcher ukiitaja unaambiwa alikuwa anabebwa.

Haya, tuje kwenye huko kubebwa. Kijana wa maeneo ya Edinburgh, kakulia mikononi mwa United tangu utotoni, kaanza kuichezea timu ya wakubwa Machi 2003 dhidi ya Basel. Mwaka 2004 anaanza fainali ya Kombe la FA na anaibeba. Mwaka huohuo, ana miaka 20, anaiongoza Uskoti akiwa nahodha. Huko nako alibebwa na Ferguson? Oktoba 2005 tunapigwa 4-1 na Middlesbrough, Keane anawachana wenzake kwenye mahojiano ambayo klabu iliyafungia, na magazeti yakaandika kwamba Fletcher alikuwa mmoja wa waliochanwa. Wiki iliyofuata inakuja Chelsea ya Mourinho, haijafungwa kwenye ligi kwa mechi 40. United 1, Chelsea 0. Mfungaji Fletcher, kwa kichwa. Hakwenda kwenye gazeti lolote kujibu.

Septemba 2009, miezi minne baada ya ule msiba wa Emirates, tunaifunga Manchester City 4-3. Watu wote wanalikumbuka goli la Owen la dakika ya 96. Magoli mawili ya vichwa kabla ya hapo alifunga nani? Msimu huo wachezaji wenzake wa Ligi Kuu ya England wakampigia kura akaingia kikosi bora cha mwaka, akiwa kiungo kando ya Fabregas yuleyule. Wachezaji waliokuwa wanakutana naye uwanjani wamemwona bora, wewe wa kijiweni unamwona wa kubebwa.

Halafu ugonjwa. Hapa naomba tuheshimiane kidogo.

Mwaka 2011 kiwango kilishuka, akawa anaonekana na kupotea. Tukasema kaisha. Hata mimi nilisema, bandani, kwa sauti, kwamba Fletcher miguu imekwisha auzwe. Desemba mwaka huo klabu ikatangaza kwamba anapumzika kwa muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa sugu wa vidonda kwenye utumbo mpana. Ule ugonjwa unatoa damu, unakukondesha, unakupeleka msalani kila saa, na usiku hulali. Na alikuwa akiuficha hata kwa wenzake, anafanya mazoezi nao, anacheza mechi za Old Trafford. Wakati mimi nazomea, yule bwana alikuwa anavuja damu. Tangu siku ile sijawahi kumsema tena.

Akarudi Septemba 2012 dhidi ya Galatasaray, Novemba akafunga dhidi ya QPR. Januari 2013 ikabidi apasuliwe, msimu ukaishia hapo. Wengi wetu tukajua safari imeisha. Desemba 2013 kwa Aston Villa pale Villa Park akanyanyuka benchi akaingia, na mashabiki wa United waliosafiri wakamwimbia. Alipoondoka 2015 kwenda West Brom wakampa unahodha. Mechi 342 alizoichezea United, 80 za Uskoti, nyingi kati ya hizo baada ya kuambiwa hafai, tena zingine na ugonjwa ndani.

Na sasa hesabu inayonitoa machozi. Moscow 2008 alikaa benchi mpaka penalti zinaisha. Roma 2009 kadi. Wembley 2011 benchi tena, hakuingia. Fainali tatu za Ligi ya Mabingwa ndani ya miaka minne, dakika sifuri. Usiku ule wa Wembley Abidal, aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ini mwezi Machi, alicheza na nahodha Puyol akampisha akanyanyua kombe. Nilimpigia makofi Abidal, alistahili kabisa. Lakini wale wawili walifungiwa fainali moja kwa kadi za utata, wakaumwa karibu kipindi kimoja, na mmoja tu ndiye aliyepewa usiku wake.

Dogo wa Jumamosi, najua unapita humu. Mechi nzima ipo mtandaoni. Mtafute mwenye namba 24 mgongoni, anza dakika ya kwanza usiruke, ukifika ya 75 simamisha picha uangalie ule mguu umegusa nini. Halafu njoo chini hapa uandike ulichokiona.