Mjadala: Tukifungiwa tena, marubani binafsi wa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, waruke au wakae chini?

Mkazi wa Lang'ata (mwanzisha mada)
Wadau, hebu tulijadili hili kabla halijatukuta tena. Aprili 6, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi kwa sababu ya korona, alitaja barabara, reli na anga. Zilikuwa siku 21. Zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka Julai 7.

Sasa chukua mtu mwenye leseni ya rubani binafsi na kandege kake pale Wilson. Si wa Amref Flying Doctors wanaobeba wagonjwa, habebi mizigo, anaruka kwa kupenda tu. Akipaa, azunguke juu ya mbuga, atue palepale Wilson, ametoka Nairobi au hajatoka? Hilo nawaachia mawakili. Mimi nasema hata kama sheria ingempa mwanya, angekaa chini. Kuna watu walikwama huku mtaani wazazi wao wakizikwa Murang'a mbele ya waombolezaji 15. Huyo utamwambia nini akiinua macho aone mtu anastarehe angani?

Fundi wa Hanga
Mkubwa, mimi nitaongea ya chuma tu, ya roho nawaachia nyinyi.

Ndege nyingi ndogo pale Wilson zina injini za Lycoming. Kwenye injini hizo kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, imekaa juu, kwa hivyo ukizima, oili inateremka na kule juu kunabaki kukavu. Aprili na Mei ni masika. Unyevu unaingia, kutu inaanza kula, na wewe huna habari mpaka siku ufungue filta ya oili ukute imejaa chembe za chuma.

Najua kuna mtu atasema, si muiwashe hapo chini dakika kumi halafu muizime? Wapi! Hiyo ndiyo mbaya kabisa. Injini ikichoma mafuta inatoa maji, na ikiwa chini oili haipati joto la kutosha kuyafukuza. Umeiongezea maji ukaifungia ndani.

Na nyigu je? Acha bomba la kupimia kasi, lile linalochungulia chini ya bawa, bila kifuniko chake. Nyigu wa udongo atalijaza tope. Nimeona ndege inakimbia kwenye njia ya kurukia, injini inanguruma, kipimo cha kasi kimelala kwenye sufuri. Bahati rubani alikuwa anakiangalia, akafunga breki.

Muuguzi wa Usiku
Pole na kutu, kaka. Mimi mwaka ule nilipita vizuizi vya kafyu na barua ya kazi mkononi, na swali langu ni moja. Kandege kakianguka huko Ngong, ambulensi inatoka wapi? Daktari wa upasuaji anaacha nani mezani? Msiniambie hakaanguki. Virusi tulijua havimpati mtu aliye peke yake angani, hiyo si hoja. Hoja ni kwamba ukijiumiza kwa starehe unakuja kulala kwenye kitanda cha mgonjwa wangu.

Jirani wa Kibra
Hela ya mafuta ya ndege ya saa moja ingenunua barakoa ngapi? Nauliza tu.

Dada Rubani
Jirani, kwa kipimo hicho hakuna mtu mjini angekunywa hata soda. Tuendelee.

Dada muuguzi, yako ina uzito, na ndiyo nataka kuijibu. Ili nibebe abiria, kanuni inanitaka niwe nimepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Hesabu basi kutoka Aprili 6 mpaka Julai 7. Ni siku 92. Yaani rubani aliyetii amri tangu siku ya kwanza, siku milango inafunguliwa hana tena ruhusa ya kubeba hata mke wake. Na hiyo kanuni haikutoka hewani. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ndege inachelewa kuinuka, jua la mchana ndilo linazidisha. Mkono uliolala miezi mitatu unavuta usukani mapema, na ndege inaning'inia. Ajali unayoiogopa Mei hujaifuta, umeihamishia Julai. Na Julai amebeba watoto.

Muuguzi wa Usiku
Si Julai aanze na mwalimu kwanza? Nani kamwambia abebe watoto siku ya kwanza?

Dada Rubani
Mwenye akili ataanza na mwalimu. Mimi nahofia yule mwingine, na walimu wenyewe ni wangapi siku kila mtu anawataka?

Mkazi wa Lang'ata
Nimewasoma. La mkono limenigusa kuliko la kutu, maana injini inaweza kutiwa oili ya kuhifadhia ikafungwa vizuri, fundi unalijua hilo. Uingereza mwaka 2020 walisimamisha kuruka kwa starehe lakini wakaruhusu safari fupi za kutunza injini. Nami ningekubali ya aina hiyo hapa: rubani peke yake, mchana, apae na kutua Wilson tu, iandikwe kwenye kitabu cha ndege kwamba ilikuwa ya injini. Mikono nayo itapata mazoezi humo humo. Lakini atakayeshuka Naivasha kunywa chai, anyang'anywe leseni, sina huruma.

Fundi wa Hanga
Oili ya kuhifadhia ni sawa kama ungejua mapema unafungiwa miezi mitatu. Sisi tuliambiwa siku 21, nani angehangaika? Halafu hapo pa kuandika kitabuni, saini ni ya nani? Kama ni yangu, mwenye ndege ndiye ananilipa. Akija Jumamosi kila wiki, anga ni safi, aniambie injini imelala sana, nimkatalie vipi?