Gari ya mtumba imefeli ukaguzi kwenye breki, nianzie wapi?

Gia_Nne
Habarini wakuu. Nimechukua gari ya mtumba juzi kati, muuzaji aliniapia kabisa breki hazina shida, nimeipeleka ukaguzi ikafeli. Karatasi inasema nguvu ya breki mbele kushoto ni 1.3 kN (kilonyutoni), mbele kulia 2.4 kN, nyuma zote mbili ziko sawa, handibreki hafifu, halafu bomba la breki la nyuma limeliwa na kutu. Nikikanyaga ghafla gari inavuta kulia, ila mwendo wa kawaida sioni kitu. Fundi wa kwanza hata tairi hajafungua kasema tubadili masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli), pedi, diski, yaani kila kitu, wa pili anasema kaza tu waya wa handibreki urudi ukaguzi. Mbele ni diski nyuma ni dramu. Nianzie wapi maana mfuko ushatoboka.

spana_14
Pole mkuu. Kwanza huyo wa masta silinda mkimbie. Gari nyingi ndogo breki zake zimegawanywa mshazari, mbele kushoto iko njia moja na nyuma kulia, sasa masta ingekuwa imekufa upande huo na nyuma kulia nayo ingeshuka, na wewe nyuma umesema ziko sawa. Kwa hiyo tatizo liko palepale kwenye tairi ya kushoto.
Piga hesabu, 2.4 toa 1.3 unabaki na 1.1, gawa kwa 2.4 unapata kama asilimia 46. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa mfano zinakataa tofauti ikipita asilimia 30 kwenye ekseli moja, kwa hiyo hawajakuonea.
Fungua hiyo tairi uangalie pedi. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, jua pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, huteleza juu ya pini zake) zimeganda, pini nzima inateleza kwa vidole tu bila nyundo. Isugue, paka grisi ya silikoni ya breki, sio ile grisi ya beringi maana inavimbisha mpira na baada ya muda mfupi inaganda tena. Pedi zote mbili zikiwa nene na diski ina kutu, hapo pistoni ndio haisukumi. Rudisha pistoni kwa klempu, ikigoma legeza skrubu ya kutolea hewa ujaribu tena, ikirudi kirahisi basi hozi ya mpira inayoleta mafuta ya breki kwenye kalipa imeziba kwa ndani hata kama kwa nje inang'aa. Na kalipa ukishaitoa ifunge na waya, usiiache inaning'inia kwenye hozi!! naona mafundi wanafanya hivyo kila siku inaniuma.

MzeeWaDramu
Kijana usikaze waya. Ukikaza waya wakati lainingi (zile zinazosugua dramu kwa ndani) ziko mbali na dramu, handibreki itashika leo halafu ile ajasta ya ndani, inayosogeza lainingi karibu na dramu, haifanyi kazi yake tena. Legeza waya kwanza, fungua dramu, sogeza lainingi kwa ajasta mpaka dramu ikizungushwa inakwaruza kwa mbali, ndipo ugeuke kwenye waya. Ukifungua inua mpira wa silinda ndogo ya tairi uchungulie, kukiwa na majimaji inavuja, na lainingi iliyolowa mafuta ya breki tupa, habari za kuosha na petroli ni kujidanganya. Vumbi la mle usilipulize na kompresa, lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, lowesha ufute.

kutu_noma
Wote mmeruka bomba na ndilo linaua mtu. Asije akatokea wa kukwambia akate kipande chenye kutu aunganishe na mpira na klipu, ukikanyaga kwa nguvu presha mle inaweza kupita baa 100. Badilisha bomba zima, lile la shaba na nikeli halishiki kutu na linapindika vizuri, ila ncha zake zitengenezwe na mashine yake. Mafuta ya breki weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake, DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia 230°C lakini ikishanyonya unyevu inaweza kushuka hadi 155. DOT 5 ya silikoni usichanganye na hizi nyingine. Yakimwagikia rangi ya gari osha na maji hapohapo.

Gia_Nne
Wakuu mbarikiwe. Nimefungua, pini ya chini haitoki hata kwa kuzungusha, pedi ya ndani imebaki karatasi na ya nje nene kabisa. Diski imechimbika kidogo. Je nikifunga pedi mpya naenda ukaguzi moja kwa moja?

spana_14
Umeipata. Diski pima unene, kiwango cha chini kimechorwa pembeni au katikati ya diski yenyewe, ikiwa chini ya hapo badili kulia na kushoto, pedi pia badili pande zote mbili. Ukaguzi usiende siku hiyohiyo, pedi mpya hazijakaa na mashine ya rola inayopima breki itakupa namba za ajabu. Tafuta barabara isiyo na watu, toka kilomita 50 mpaka 10 kwa saa kwa kukanyaga wastani bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa ukiacha zipoe katikati. Ila kabla gari haijasogea kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu, pistoni uliyoirudisha inabidi ifike kwenye pedi kwanza.

MzeeWaDramu
Na nati za tairi kaza kwa mshazari, tairi ikiwa chini.