MJADALA: Kuwatengea wadogo asilimia ya zabuni za umma kunawainua kweli?

Msoma Sheria
Wakuu, naleta hoja tuichambue. Serikali nyingi zimeamua fungu fulani la manunuzi ya umma liende kwa wafanyabiashara wadogo. Kenya ilianza 2013 na asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kisha ikaingizwa kwenye sheria ya manunuzi ya 2015. Tanzania nayo ni asilimia 30 kwa makundi maalumu, na huko hata wazee wamo. India ni asilimia 25. Marekani lengo lao ni asilimia 20. Ukizingatia kwamba kwenye nchi za OECD (umoja wa nchi nyingi zilizoendelea kiuchumi) manunuzi ya umma ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pato la taifa, hili si soko la kubeza.

Swali langu: mgao huu unamfungulia mdogo mlango wa masoko makubwa, au unamfungia kwenye kona ya tenda za karatasi, sabuni na chai ya mikutano? Mimi nasema mgao ni mzuri. Shida ni kwamba wadogo wengi hawajajiandaa. Hata nyaraka za zabuni hawazisomi.

Mshona Sare
Hapo kwenye "hawazisomi" ndipo uliponichoma, na nitajibu hapo tu.

Tuliomba zabuni ya sare za wauguzi. Nyaraka tulizisoma watu watatu mezani, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akitia tiki. Kila ukurasa ukapigwa muhuri na kuandikwa namba. Siku ya ufunguzi bei zikasomwa mbele ya wote, yetu ikawa ya chini kabisa. Kisha barua ikaja: tumeondolewa hatua ya awali kwa sababu dhamana ya zabuni, ile barua ya benki ya kuahidi kwamba mzabuni hatajitoa, imepungukiwa siku moja. Benki ilihesabu kuanzia siku iliyoandika barua, kamati ikahesabu kuanzia siku ya kufunga zabuni. Tulipokwenda kuchukua sampuli za kitambaa tulizikuta na pini zake vilevile, hakuna aliyezigusa.

Sasa hapo kosa letu ni kutosoma? India biashara ndogo inasamehewa dhamana na nyaraka za zabuni inapewa bure. Huo ndio msaada. Kutuita wavivu si msaada.

Msoma Sheria
Dada, sikusema wavivu. Hata hivyo Kenya nayo, kwenye zabuni zilizotengewa makundi hayo, dhamana haidaiwi. Unajaza tamko tu.

Mshona Sare
Ndiyo, kwenye zilizotengwa. Yetu ilikuwa ya wazi, ya watu wote. Yaani nikikaa kwenye kona niliyopangiwa natembea bila mzigo, nikitoka tu naubeba wote kwa mkupuo. Swali lako la mlango na kona limejibiwa hapo, kama unataka jibu.

Afisa Mstaafu
Dada Mshona Sare, pole sana. Lakini naomba muuone na upande wa pili wa meza. Nimekaa kwenye kamati za tathmini miaka mingi. Nyaraka ikidai siku 120 na wewe umeleta 119, mimi sina kalamu ya kukuhurumia. Nikikupitisha, aliyeshika nafasi ya pili anakata rufaa na anashinda, kisha mimi ndiye ninayeitwa kujieleza mbele ya wakaguzi. Msidhani kamati inafurahia kuwakata watu. Tunaogopa.

Na tuseme kweli, si kila anayejiita mdogo ni mdogo. Kampuni nyingi za akina mama nilizozipitia, ukipiga simu iliyoandikwa kwenye barua anapokea mume.

Binti Mzabuni
Mzee, shikamoo. Baada ya salamu, hiyo kauli ya mume naikataa.

Wanaume wangapi wameandika namba ya karani au ya shemeji kwenye barua zao na hamkuwahi kuwaita kampuni za mkobani? Mimi kampuni ni yangu, kodi nalipa mimi, na bado nikifika kupeleka zabuni naulizwa bosi wangu yuko wapi. Halafu kama ulikutana na kampuni hizo za kivuli, nani alizipitisha? Nani alitia saini? Kwenye siku moja ya dhamana mlikuwa wakali kama wembe, kwenye mume mkafumba macho. Dada hukumjibu, umetuletea mume.

Afisa Mstaafu
Binti, marahaba. Sikusema wote, nimesema nilizozipitia. Na kamati haina polisi. Cheti kikiwa halali ni halali, tunakipokea kama kilivyo.

Binti Mzabuni
Dhamana yake nayo ilikuwa halali. Benki ilitia saini.

Fundi Umeme
Naomba nisimame na mzee kidogo, maana haya mambo ya kivuli yapo na mimi yamenigonga hodi. Kuna mkandarasi mkubwa alinifuata akitaka cheti changu cha kijana, kile cha kuombea zabuni zilizotengwa. Maneno yake: "Wewe kaa nyumbani, kazi tutafanya sisi, asilimia yako utaipata." Nilikataa. Wapo niliosoma nao walikubali, na leo hawana hata bisibisi moja waliyoinunua kwa hizo tenda. Cheti kilikuwa na jina lao, uzoefu ukaenda kwa mkubwa.

Afrika Kusini walifika mahali wakatunga sheria ya 2013 inayofanya udanganyifu wa kivuli kuwa jinai, mtu anaweza kufungwa hadi miaka 10. Hapo ndipo pa kuanzia. Mkague nani yuko kazini siku ya kazi, siyo nani anapokea simu.

Binti Mzabuni
Hilo la kukagua eneo la kazi naliunga mkono kwa mikono miwili. Kauli ya mume bado haijafutwa.

Kalamu Nyekundu
Mnagombania mume na huku ankara zinaoza.

Mimi ni mhasibu, vitabu vya biashara ndogo ndivyo ninavyoshinda navyo. Sijawahi kuona biashara iliyokufa kwa kukosa tenda ya serikali. Nimeona zilizokufa kwa kuipata. Kijana anapata LPO (hati ya kuagiza mali), anaruka kwa furaha, anakopa kununua mali, anapeleka, anasainiwa amepokewa. Riba ya mkopo inaanza kutembea siku hiyohiyo. Nchi nyingi VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inadaiwa ankara inapotolewa, siyo inapolipwa, kwa hiyo mwezi unaofuata anailipia serikali kodi ya fedha ambayo serikali yenyewe haijampa. Anapigwa danadana: faili liko kwa mkaguzi wa ndani, bajeti imefungwa, njoo mwaka mpya wa fedha. Cheti chake cha kutodaiwa kodi kinaisha na hawezi kukihuisha kwa sababu anadaiwa. Bila cheti hicho hawezi kuomba tenda nyingine. Aliyemdai ni serikali, aliyemzuia ni serikali.

Ulaya wana agizo la 2011: taasisi ya umma ilipe ndani ya siku 30, hospitali zinaweza kufika 60, ikichelewa riba inahesabiwa. Marekani wana sheria tangu 1982, na kule riba inaongezwa yenyewe bila mzabuni kuiomba. India sheria yao ya 2006 inasema siku 45. Mimi ningefuta asilimia zote mnazozigombania nikapewa siku 30 zinazoheshimiwa.

Msoma Sheria
Kufuta asilimia zote? Hapo umezidisha. Wadogo watamezwa.

Mdau wa Takwimu
Kabla hamjafuta, Marekani si 20. Ni 23. Ilikuwa 20 zamani, ikapandishwa miaka ya 1990. Na kuna mpango wao unaoitwa 8(a) unaomchukua mwenye biashara aliyeachwa nyuma kwa miaka tisa tu, akitoka hawezi kurudi. Hilo la ukomo ni muhimu kuliko asilimia. Huku kwetu mtu anaweza kuitwa mdogo hadi azeeke.

Afisa Mstaafu
Kalamu Nyekundu umesema kweli kuhusu malipo, lakini lawama umeielekeza kusiko. Afisa ununuzi halipi. Fedha zinatoka hazina. Na mimi huwa nawaambia vijana, kama huna mtaji wa kungoja, usiombe.

Mshona Sare
Mzee, hiyo "usiombe" uitafakari tena.

Kama wa kuomba ni mwenye mtaji wa kungoja, basi mgao umetengewa nani? Mmetenga kiti, mkaweka masharti kwamba wa kukikalia awe tayari ana kiti kwake. Mkubwa anaweza kungoja mwaka mzima kwa sababu ana benki inayomsikiliza na wateja wengine kumi. Mimi nikingoja miezi mitatu mafundi wanaondoka na vyerehani vinarudi kwa aliyenikopesha. Na bei ya kungoja inaingizwa kwenye bei ya zabuni, kila mzabuni anaijua hesabu hiyo. Serikali inayochelewesha inauziwa ghali, halafu inashangaa kwa nini.

Kalamu Nyekundu
Dada umemaliza. Natamani maneno hayo yabandikwe kila ofisi ya malipo.

Fundi Umeme
Mimi nilishahama. Siombi tena tenda za umma moja kwa moja, nachukua kazi kwa wakandarasi wakubwa kama mkandarasi mdogo. Wananilipa wiki ya pili. Serikali waachieni wenye vifua vipana. Masoko yapo: hoteli, shule binafsi, viwanda.

Mdau wa Takwimu
Fundi, usiuponde mlango mzima. Brazil, ambako sheria ya 2006 inawapa wadogo upendeleo, kuna wachumi walilinganisha kampuni zilizoshinda zabuni kwa tofauti ndogo sana ya bei na zilizoshindwa kwa tofauti hiyohiyo. Zilizoshinda ziliajiri zaidi, na ukuaji ulidumu hata mkataba ulipokwisha. Sehemu ya sababu ni kwamba ziliingia kwenye bidhaa na masoko ambayo hazikuwamo kabla. Tenda ya umma ni barua ya utambulisho. Ukishaonyesha kwamba uliwahi kuivalisha hospitali, hoteli inakupokea.

Binti Mzabuni
Barua ya utambulisho unaipataje kama sharti la kwanza ni "uwe umewahi kufanya kazi tatu za aina hii" na "mauzo ya mwaka yawe mara tano ya zabuni"? Kila mara nakutana na hayo. Kazi ya kudeki sakafu inadai uzoefu kama wa kujenga daraja.

Msoma Sheria
Hapo Ulaya walishaweka mpaka. Agizo la 2014 linasema mauzo yanayodaiwa yasizidi mara mbili ya thamani ya mkataba, isipokuwa kwa sababu maalumu iliyoandikwa. Pia mzabuni anajaza tamko kwamba ametimiza masharti, vyeti vyenyewe analeta anayekaribia kupewa kazi. Fikirieni karatasi zinazookolewa. Na mnunuzi asipogawa zabuni kubwa kwa mafungu, lazima aeleze kwa nini.

Afisa Mstaafu
Kugawa mafungu? Huko kuna mtego. Kugawanya manunuzi ili kukwepa kiwango cha zabuni ya ushindani ni kosa, na watu wamepoteza kazi kwa hilo. Mkaguzi akiona LPO tano za samani wiki moja, hakuulizi nia.

Msoma Sheria
Mzee, hayo ni mambo mawili. Kukata manunuzi vipande kimyakimya ili usitangaze ni kosa. Kutangaza zabuni moja yenye mafungu manane hadharani, kila fungu na mshindi wake, thamani ikihesabiwa kwa jumla, si kosa. Maofisa wanachanganya haya kila siku, na anayeumia ni mdogo aliyeweza fungu moja akashindwa manane.

Afisa Mstaafu
Kimaandishi uko sahihi. Lakini mafungu manane ni mikataba minane, wapokeaji wanane, ankara nane, na ofisi ina watu wawili. Hakuna anayewahesabia maofisa kazi hiyo.

Kalamu Nyekundu
Na ankara nane zitakazochelewa. Narudi palepale.

Mshona Sare
Mzee, nina swali la dhati, sikutegi. Tukiomba tena, lile jambo la tarehe tulikwepeje?

Afisa Mstaafu
Asante kwa kuuliza, mwanangu. Usiiandikie benki "siku 120." Iandikie tarehe kamili ya mwisho, na ongeza siku chache juu yake. Kama nyaraka haieleweki siku zinahesabiwa kuanzia wapi, andika barua ya kuomba ufafanuzi kabla muda wa maswali haujapita. Jibu linapelekwa kwa wazabuni wote na linatufunga sisi kama linavyowafunga ninyi. Nimekaa miaka mingi pale na barua hizo zilikuwa zinatoka kwa wakubwa tu, wadogo hawakuziandika. Na ukikatwa, dai sababu kwa maandishi siku hiyohiyo, maana muda wa kukata rufaa ni mfupi mno.

Binti Mzabuni
Ushauri huu ni mzuri mzee, na ungetolewa kwenye kila ukumbi wa maelezo kabla ya zabuni tusingefika hapa. Kwa nini hautolewi? Na ile kauli ya akina mama naomba uifute, kuna mabinti wanatusoma.

Afisa Mstaafu
Naifuta. Ila la kukagua eneo la kazi nalo mliseme kwa nguvu hizohizo.

Fundi Umeme
Mimi nalisema tangu asubuhi, hakuna aliyenijibu. Nani atawalipia wakaguzi wa kwenda saiti?

Kalamu Nyekundu
Kabla ya wakaguzi, nani amelipwa ndani ya siku 30 humu? Aandike jina la bidhaa tu, sihitaji taasisi.