Mjadala: Campbell wa Jamaika alishike jina hilo au alitupe?

MLETA MADA: Wakuu, tuliomshangilia mwanariadha Veronica Campbell akitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mbio za mita 200 Athens 2004, na tena Beijing 2008, wangapi tulijiuliza binti wa Jamaika kapataje jina la Kiskoti? Wapo wanaosema ni chapa ya mwenye shamba la watumwa, litupwe. Wengine wanadai ni ushahidi wa damu, kwamba kila Campbell wa Kingston ana babu Uskoti. Mimi nakataa yote mawili.

Jina ni la Kigaeli, cam beul, mdomo uliopinda. Ngome ya ukoo ni Argyll, magharibi ya Uskoti, na mkuu wao anakaa Inveraray. Huko ndiko alikozaliwa Kanali John Campbell, aliyekwenda na askari Darien, koloni la Waskoti huko Panama lililosambaratika mwaka 1700 kwa maradhi, njaa na mashambulizi ya Wahispania. Hakurudi kwao. Alitua Jamaika, akaoa, akawa mtu mkubwa katika parokia ya St Elizabeth, na jamaa zake wakamfuata. Alifariki 1740. Jiwe la kaburi lake linamtaja kuwa Campbell wa kwanza kuhamia kisiwani na linasifu ukarimu wake uliowatajirisha wengi. Waafrika waliolima miwa hawana hata neno moja pale.

Watumwa hao, wengi wao waliandikwa kwa jina moja tu. Wakibatizwa ndipo walipopata jina la ukoo: mara la mwenye shamba, mara la msimamizi, mara la mtu mwingine kabisa. Wengine walizaliwa na Waskoti hao, kwa mama asiyekuwa na uwezo wa kukataa. Kwa hiyo damu ipo kwa baadhi, ila jina peke yake haliithibitishi.

MCHANGIAJI: Mkuu, jina lililokuja na mnyororo nalo ni mnyororo. Malcolm X, yule mtetezi wa haki za weusi Marekani, alifuta jina lake la ukoo, Little, akaweka X, akamaliza. Utumwa ulipokomeshwa, Uingereza iliwalipa wenye watumwa pauni milioni 20, na waliokombolewa hawakupata hata senti. Mjukuu wao aendelee kulitangaza jina hilo kwa faida ya nani?

MLETA MADA: Ndugu yangu, anayelitupa simlaumu hata kidogo. Ila angalia Uskoti kwenyewe. Mwaka 1603 Mfalme James VI alipiga marufuku jina la MacGregor, ukoo mwingine wa Kiskoti, na ukaidi ulikuwa na adhabu ya kifo. Watu wakajificha chini ya majina ya wengine. Rob Roy MacGregor mwenyewe, mtu maarufu wa ukoo huo, alitumia Campbell, jina la upande wa mama yake. Kumbe hata kwao jina hili lilibebwa na watu walioshurutishwa.

Kinachoniuma ni tofauti iliyopo. Marufuku ilipofutwa moja kwa moja mwaka 1774, MacGregor alikuwa na jina la kurudia. Mwafrika aliyebatizwa Campbell angerudia lipi? Jamaika ilianza kuandikisha watumwa 1817, na katika madaftari yale mara nyingi jina la zamani limewekwa kando ya lile la ubatizo. Humo utamkuta Quashie, ambaye ni Kwasi wa Waakan, watu wa Ghana ya leo, jina la mtoto aliyezaliwa Jumapili. Utamkuta Phibba, ambaye ni Afua, wa Ijumaa. Kurasa hizo ni historia ya ukoo wa Campbell sawa na kaburi la Kanali, na wanaoiandika bila hizo wanawadhulumu watu hawa mara ya pili.

MCHANGIAJI: Kwa Quashie umenigusa. Basi mtu achukue Kwasi, Campbell alizike.

MLETA MADA: Ana haki. Lakini kabla ya kulizika, amtafute Quashie wake. Madaftari yale yamepangwa kwa majina ya wenye watumwa, na mara nyingi Campbell ndilo jina pekee alilonalo la kuanzia.