Tupeane uzoefu: siku ya kwanza ugenini, ni kitu gani kilikukaa?

Wadau habari zenu. Naomba tupeane uzoefu wa siku ya kwanza ya mtu kufika ugenini, yako au ya mzee wako, hasa wenye asili ya India na Pakistan na wale tuliooana nao, maana nina kazi ya sanaa mkononi na nimekwama.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Leicester. Mama mkwe wangu ni Mhindi wa Jinja, mmoja wa wale waliopewa siku 90 na Idi Amin waondoke Uganda mwaka 1972, wakatua uwanja wa ndege wa Stansted, Uingereza. Nikimuuliza habari za siku ile hataji ndege wala kambi, anataja koti. Mama mmoja wa kujitolea alimvisha koti la sufu la kijivu, mikono imempita vidole, kutia mkono mfukoni akakuta tiketi ya basi ya mwenye koti, hajui ni nani mpaka leo. Anasema kwa Kiswahili chake, "Mimi navaa mtu ingine." Hilo neno limenikaa jamani. Koti kanipa, natarizi kwenye bitana, huko ndani kusikoonekana, kwa uzi mwekundu, barabara ya Jinja mpaka Entebbe, kila kizuizi walichosimamishwa nafunga fundo moja. Nimefika la saba.

Moyo nilipata kwa Zarina, msanii mzaliwa wa Aligarh aliyeishi New York, mwaka 1999 alitoa picha 36 za kuchonga kwenye mbao, Home Is a Foreign Place, kila moja na neno lake la Kiurdu, mara nyumba, mara kizingiti. Na kule Philadelphia SAADA, hifadhi ya kidijitali ya historia ya Wamarekani wenye asili ya Asia Kusini, wana First Days Project, wanakusanya hadithi za siku ya kwanza Marekani. Zisikilizeni, mimi zilinitoa machozi.

Upande mmoja wa bitana bado mtupu. Nileteeni zenu.

Mdau wa New Jersey:
Dada hongera sana. Mimi nachora Tingatinga, nimejifunzia Oysterbay. Jirani yangu hapa ni mzee wa Ahmedabad, alikuja 1969 baada ya ile sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 kufungulia Waasia mlango, mfukoni ana dola 8 tu, ndo kiasi serikali ya India ilikuwa inaruhusu mtu kutoka nacho. Nikamchorea ndege kubwa na majengo, rangi zinawaka, akaiangalia weee akaniambia kijana, futa ndege, weka bomba. Kumbe siku ile alikunywa maji ya bomba la chooni pale uwanja wa ndege, aliogopa kuvunja hela. Nimerudia picha yote, bomba limejaa ubao mzima na ndege wa Tingatinga wanakunywa, na sijawahi kuchora kitu ninachokipenda hivi.

Mdau wa Kampala:
Poleni na hongereni, ila mimi nina neno. Mbona siku ya kwanza ya aliyebaki haichorwi? Baba alikuwa anauza kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja hapa mjini, asubuhi ile tajiri wake akamkabidhi funguo akamwambia nitarudi. Baba akafagia duka, akafungua kama kawaida, akakaa. Mteja hakuna. Siku zilezile wanajeshi wakaja na kufuli lao. Baba kafa na zile funguo kwenye kopo la Blue Band, tatu, moja imepinda.

Mwanzisha uzi:
Kaka, nimemsomea mama mkwe hapa, amenyamaza kimya, halafu ameniuliza iliyopinda ni ya mlango wa nyuma? Niwekee hizo funguo juu ya karatasi, zungushia penseli moja moja, nipigie picha. Nitazitarizi kwa ukubwa uleule, kwenye huo upande mtupu.