Riwaya za ajali zinazounganisha watu wasiojuana: zinatudanganya?

MsomajiWaUsiku: Wakuu, nimemaliza riwaya nyingine ambayo meli inazama, mjane anakutana na mgane mochwari, sura ya mwisho harusi. Msiba wa kweli hauko hivyo. Unaleta ugomvi wa mirathi, mashemeji wanagombea mabati. Mwandishi ameshindwa kuwakutanisha watu, basi anawazamishia meli. Tukinyamaza, kesho mtu ataifanyia hivyo MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria, na wale abiria waliojazana na mikungu yao ya ndizi hadi ikapinduka.

MwanaKemondo: Mikungu yao? Baba yangu mdogo alipandia bandari ya Kemondo akiwa na begi la nguo tu. Tiketi aliuza nani? Nani aliona meli imejaa akaiacha ing'oe nanga? Futa kauli yako.

FundiHadithi: Kuhusu harusi nakuunga mkono, mleta mada. Kwamba msiba hauunganishi watu, nakataa. Mama alikwenda uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kumtafuta kaka yake kati ya miili. Akakutana na mama mmoja wa Ukerewe, hawajuani kabisa. Wakapeana alama: huyu akasema kaka yake ana kovu kidevuni, yule akaeleza shati la mwanawe. Kisha kila mmoja akaenda kumtafuta wa mwenzake, kwa sababu wa kwako macho yanagoma. Hawakuwa mashoga wa kutembeleana kila wiki. Lakini binti wa yule mama alipojifungua, mama yangu alipanda kivuko kwenda kumwogesha mtoto. Udugu wa namna hiyo hauandikwi.

BahariaMstaafu: Mnabishana ndizi! Waliokuwa hai mle ndani waliuawa na tundu. Meli imepinduka, bado inaelea, watu wanagonga, wakaitoboa, hewa ikatoka, ikazama. Nadhani ilikuwa 1997.

Nyakato: Tarehe 21 Mei 1996, na makaburi yapo Igoma. Wewe ungesikia watu wanagonga chuma ungekaa tu? Usiwaite waokoaji wauaji.

BahariaMstaafu: Usinilishe maneno. Nimesema tundu, sijasema mtu. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka Ukara 2018, fundi wake alikutwa hai humo ndani siku mbili baadaye. Hewa ndiyo iliyomweka.

Nyakato: Kwa hiyo 1996 wangejuaje ya 2018?

MsomajiWaUsiku: Jamani, mada ni riwaya. Na kutaja ndizi sijatukana kabila la mtu. Meli ilizidisha abiria na mizigo, hilo halina ubishi.

MwanaKemondo: Sasa umesema "mizigo". Mwanzo ulisema "mikungu yao", kana kwamba waliokufa walijitakia. Mimi naitaka hiyo riwaya unayoiogopa. Baba mdogo hatukumpata, hana kaburi. Aandikwe amekaa na mtu asiyemjua, wanagawana chapati, wanaulizana watokako. Hata harusi aweke, mradi abiria wawe watu.

FundiHadithi: Harusi hapana, ndugu yangu. Ukiiweka, msomaji anafunga kitabu amefarijika, na aliyejaza meli hatajwi popote.

MsomajiWaUsiku: Na huyo mwandishi ataomba ruhusa kwa nani? Familia ni nyingi mno.

MwanaKemondo: Aanze na yangu. Shangazi yupo, ana picha yake, na atamsimulia mchana kutwa. Ila wewe kauli ya mikungu bado hujaifuta.